Hakuna Aliyezikwa Shambani Kwangu

Mjukuu wangu Editha,

Siyo nguruwe. Ulipouliza juzi nani kachimbua matuta kule shambani, nilikuambia ni nguruwe wa Mama Leokadia, ukaamini, ukaenda kuoga. Nguruwe gani anayechimbua tuta mpaka chini kabisa halafu akaweka nyasi pembeni kama nguo za kuanika? Waliochimbua ni watu. Walikuja na majembe Jumatatu asubuhi, wewe ukiwa Kaengesa kumuaga mama yako mdogo. Walikuwa wanatafuta maiti.

Soma tena hapo kama hujaelewa. Maiti. Kwenye shamba langu la maharage.

Nakuandikia mchana huu ukiwa mjini unasuka nywele, maana jioni nyumba itajaa ndugu wa kukuaga na jambo lenyewe siwezi kulisema kwa mdomo. Unajua mimi nikianza kusema sauti inafika nyumba ya tatu. Hili likifika nyumba ya tatu, tumekwisha. Barua utaikuta kwenye begi, juu ya sweta. Isome, kisha ulale. Usije kunigongea mlango kulia. Na mwandiko wangu usiucheke, niliupata ngumbaru nikiwa na mtoto mgongoni, na mtoto mwenyewe alikuwa baba yako.

Habari za kula, za kufua, za kujifunika baridi, za wanaume wenye maneno laini, sitakuambia. Hayo nimeyapigia kelele miaka yote. Kama hayakuingia, hayataingia leo.

Nianze na mimi, maana nikianza na wewe sitafika mwisho wa karatasi.

Mvua hizi zilipoanza kukolea, ng'ombe wa Baba Shija waliingia kwenye maharage yangu. Baba Shija unamjua, jirani yetu wa ng'ombe, alihamia hapa na wazee wake kutoka Usukumani ungali unabebwa. Si mara ya kwanza wale ng'ombe kuingia. Nilikwenda nikasimama katikati ya njia, mikono kiunoni, nikamwambia mbele ya watoto wake: "Haya, Baba Shija. Mvua haijaisha. Utaona."

Akawakusanya ng'ombe wake mbiombio, kofia ikadondoka, hakurudi kuiokota. Mimi nikacheka njia nzima mpaka nyumbani. Hata wewe nilikusimulia, tukacheka wote tukimenya viazi.

Nilimaanisha nini? Hakuna nilichomaanisha. Ningemfanya nini, mimi na mguu huu mbovu? Lakini sikiliza, mke mwenzangu. Bibi wa peke yake, mume kafa, watoto wametawanyika, shamba limepakana na njia ya ng'ombe, ana fimbo gani? Jina la Sumbawanga hii, wanayoiita mji wa wachawi, ndilo lililokuwa fimbo yangu. Nimewatisha nalo wezi wa mahindi. Nimemtisha nalo fundi aliyetaka kunipigia bati bovu. Ukimwambia mtu "utaona" huko uendako, atakuuliza ataona nini. Hapa kwetu, msimu wa radi, ukisema hivyo umemshika mtu koo. Nilijua. Na ilinipendeza, sikufichi. Mwanamke mzee hapewi vitu vingi vya kumpendeza.

Halafu radi ikapiga kweli.

Ulikuwepo siku ile, ulijificha chini ya blanketi. Iliua mtamba mwenye mimba wa Baba Shija na dume lake la kulimia, wote wawili chini ya mkaratusi mmoja. Radi hapa si habari. Tuko juu, mawingu tunayapita kichwani kama moshi wa jikoni, itaacha kutupiga kwa nini? Imepiga miti, imepiga mabati, imepiga mnara wa kanisa na Padri akiwa ndani. Lakini mtu akifiwa na ng'ombe haangalii mawingu. Anakumbuka nani alimwambia utaona.

Sasa nije kwako.

Jumatatu ukungu ulikuwa haujaondoka nikasikia miguu uani. Hakuna aliyepiga hodi. Hakuna aliyenipa shikamoo, hata vijana niliowabeba mgongoni mama zao wakiwa mnadani. Nikatoka na mwiko mkononi. Mbele Mwenyekiti wa kitongoji. Nyuma yake Baba Shija, macho yamevimba. Halafu Mama Leokadia, ambaye tunasali jumuiya moja na Kwaresima yote tumefunga pamoja. Halafu vijana na majembe.

"Mama," Baba Shija akasema, "tunaomba kuona shambani kwako."

"Kuona nini? Si unalipita kila siku na mang'ombe yako?"

"Kuona kilichomo ndani."

"Ndani ya nini?"

Mwenyekiti akawa anatazama viatu vyake. Yule kijana wa duka la vocha akanyoosha simu mpaka puani kwangu. "Bibi, huyu ni wewe ama siyo wewe?"

Nikatazama. Mwanzoni sikujiona. Niliona kikongwe mmoja kwenye ukungu, mgongo umepinda, anakata nyasi na jembe, anailaza, anaifukia, anapigapiga udongo juu na kiganja kama mtu anayembembeleza mtoto. Tuta hili, halafu lile. Kweli, kwa mbali yalikuwa kama makaburi ya watoto. Nikasema moyoni, maskini, ni bibi wa nani huyu? Ndipo nikaiona kanga. Mgongo wangu sijawahi kuuona maisha yangu yote, kioo chetu kinaishia mabegani. Nilishtuka kwamba nimezeeka kiasi kile na hakuna mtu aliyeniambia.

Kijana akasoma maandishi kwa sauti, kana kwamba mimi sijui kusoma: "Bibi wa Sumbawanga anazika misukule. Ukicheka, radi."

Na mwishoni kabisa mtu akacheka. Kicheko kifupi cha puani, kikakatika.

Wengine wote pale walisikia mtu anacheka. Mimi nilikusikia wewe, Editha. Ungenificha uso wako, ungenificha jina lako, na umeyaficha, ukurasa wenyewe nimeambiwa una jina la ajabu. Kicheko huwezi kunificha. Nimeishi nacho.

Nikashika ukuta. Mama Leokadia akamgusa mwenzake. "Mwone. Mwone anavyotetemeka." Walidhani natetemeka kwa kukamatwa.

"Weka tena," nikamwambia kijana. Akaweka. Nikasikiliza. Ni wewe.

Nikaikumbuka asubuhi yenyewe. Uliniletea uji shambani, ukasimama kule kwenye mtaro na simu, nikadhani unaongea na wenzako. Nilikuita uji unapoa. Kumbe.

Ningeweza kusema pale pale kwamba huyu ni mjukuu wangu anafanya upuuzi wake, na mambo yangeishia hapo. Nikawatazama vijana na majembe yao. Nikaona wakikungoja njiani ukirudi kutoka Kaengesa. Nikafunga mdomo. Wewe unajua mimi kufunga mdomo ni kazi gani.

"Basi chimbeni," nikasema. "Twendeni. Na mtu asinikatie maharage."

Na hapa ndipo sielewi mpaka leo. Hao wote wamekulia kwenye matuta yale. Ndiyo kilimo cha wazee wetu, tunayaita ntumba. Unaifukia nyasi, inaoza humo ndani, juu unapanda maharage, mwaka unaofuata unatawanya udongo na kumwaga ulezi. Mama Leokadia ana ntumba zake nyuma ya choo. Mwenyekiti alisomeshwa kwa ulezi wa ntumba. Wamefukia nyasi tangu wakiwa watoto, wanajua kilichomo kama wanavyojua kilichomo kwenye chungu chao. Lakini simu imesema misukule, wakashika majembe. Mtu anaacha kuamini mikono yake mwenyewe! Niliwatazama nikahisi kama nimeamka kwenye kijiji cha wengine.

Tuta la kwanza walipolifikia ndani, mvuke ukapanda, maana nyasi inayooza inachemka na asubuhi ilikuwa ya baridi. Kijana wa vocha akapiga yowe. "Moshi! Kuna moshi!" Wakakimbia. Mwenyekiti ndiye aliyefika wa kwanza kwenye mtaro, na tumbo lile. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

Tulibaki mimi na Baba Shija. Akapiga magoti, akaingiza mkono mpaka kiwiko. Akatoa nyasi nyeusi imejaa minyoo. Akainusa.

"Mama, hii ni mbolea."

"Ulitaka iwe nini?"

"Nilitaka…" Akakaa pale na ile nyasi mkononi, mtu mzima, machozi yanamtoka. "Yule dume nilimlea tangu ndama, mama. Anajua jina lake."

Nikamwambia pole. Ndiyo neno pekee la kiutu lililosemwa shambani siku ile, na lilisemwa na mchawi.

Wenzake waliporudi waliendelea na matuta mengine, hata yeye alipowaambia basi. Safu nzima. Nyasi, nyasi, minyoo, nyasi. Mwenyekiti akasema tumeona wenyewe, tutawanyike. Nikadhani yamekwisha. Na hapo Mama Leokadia, mwenzangu wa rozari, akasema polepole kama anayejisemea peke yake: "Atakuwa amewahamisha usiku."

Hebu nieleze, wewe uliyesoma. Wakikuta maiti, mimi mchawi. Wasipokuta, mimi mchawi zaidi. Nichimbe nini tena niwaonyeshe?

Tangu siku hiyo watoto wanaruka mtaro wasipite mbele ya mlango wangu. Jana bombani wanawake waliondoa ndoo zao nichote wa kwanza. Wewe ukafurahi, ukasema, "Bibi, leo hakuna foleni, bahati yetu." Bahati! Nilitamani nikupige na ile ndoo. Unadhani walinipisha kwa heshima? Macho yangu mekundu unayaona, unajua ni moshi wa kuni uliopikia ada yako na ugali wako. Wao hawaoni kuni, wanaona macho ya mchawi. Umesikia habari za vikongwe waliokutwa asubuhi mlango umevunjwa. Hatukuzisikia redioni peke yake. Wewe kesho unapanda basi. Mimi nabaki na mlango huu, na komeo lake nalijua.

Nakujua, sasa hivi unasema moyoni, "Bibi, ulikuwa utani tu, watu walipenda." Najua ulikuwa utani. Ungekuwa ubaya ningeuelewa upesi. Kinachonishtua ni kwamba uliniangalia pale, mimi, bibi yako, jembe mkononi, ukaona kitu cha kuchekesha wasiotujua. Umekula ulezi wa shamba lile. Umelala juu ya mahindi yake. Ukawauzia jina walilokuwa wameshatubandika wao wenyewe. Mimi nilisema utaona, radi ikapiga, wewe ukapeleka picha. Wote tulisaidiana, ila radi haina akili. Sisi tunayo.

Huko chuoni utakaa na wasichana wa kila mkoa. Siku ya kwanza tu watakuuliza kwenu wapi. Ukiwaambia watasogea kitandani, watasema "yalaaa, usituroge!" na wewe utataka kupendwa. Mtoto mgeni anataka kupendwa, sikulaumu. Utataka kuwachekesha na ungo na fisi na radi. Ama utasema kwenu ni Mbeya, kama alivyofanya shangazi yako, mpaka leo wakwe zake wanatafuta hicho kijiji chake cha Mbeya.

Usiseme uongo, na usinifanye kichekesho. Waambie kwetu ni baridi, mwezi wa saba maji ya kunawa yanauma kama meno. Waambie upepo unatwanga mabati usiku kucha na asubuhi tunalima. Waambie tunakula ugali wa ulezi na maharage, na dagaa wa Kirando siku muuza dagaa akifika, na siku asipofika tunakula maharage. Kwamba mahindi yetu yanalisha miji ambayo haitujui. Kwamba Jumapili kanisa linajaa mpaka watu wanakaa kwenye nyasi.

Na usiwaambie sisi ni malaika. Hofu ipo. Mtu akifa, nusu ya msiba ni kulia na nusu ni kutazamana. Jirani anayekuletea moto asubuhi anaweza kuja jioni na jembe. Na anayekuja na jembe ndiye aliyekuletea maziwa. Mwaka ule mguu wangu ulipovimba nikashindwa kutoka kitandani, mke wa Baba Shija alileta maziwa kila siku, akaniosha mguu wenyewe, wanangu wa kuzaa wakiwa wananitumia salamu kwenye simu. Ni watu hao hao. Kuishi hapa ndiko huko, Editha. Huchagui nusu. Mtu akitaka kujua kwetu pakoje, mpe vyote viwili, na kama hana muda wa kusikia vyote viwili, mwambie hana muda.

Unakwenda kuwa nesi. Watakuletea wazee wenye macho mekundu na migongo kama wangu, na ndugu zao watanong'ona mlangoni huyu ndiye aliyemla fulani. Nitakuwa mbali, sitajua umefanya nini. Kwa hiyo nataka nijue kesho.

Sikiliza vizuri. Jana jioni nilikwenda kwa Baba Shija. Ndiyo, kwa miguu yangu. Mkewe aliponiona alimwita mtoto aingie ndani. Nikasimama nje ya zizi nikamwambia Baba Shija: "Mjukuu wangu anasafiri Ijumaa. Nataka umpeleke stendi na pikipiki yako, wewe mwenyewe, siyo kijana wako."

Alishtuka. "Mimi, mama? Baada ya yale?"

"Wewe. Au pikipiki nayo imepigwa na radi?"

Nilidhani nimeharibu, mdomo wangu huu. Halafu akatoa sauti, nusu kicheko, akasema atakuja alfajiri. Sikumwambia kitu kingine. Hajui ni wewe. Nimemtazama sana usoni, hajui.

Utakaa nyuma yake kutoka hapa mpaka stendi. Begi mbele, wewe nyuma, mdomo wako kwenye sikio lake. Umwambie. Umwambie, "Ni mimi niliyepiga ile picha, ni mimi niliyeandika, na kicheko ni changu." Si lazima ulie. Usinitaje mimi kwamba nimekutuma. Atafoka, muache afoke, ana haki. Anaweza kusimamisha pikipiki na kukushusha, basi utabeba begi lako kichwani, una shingo nzuri. Kukupiga hatakupiga, mtu anayemlilia dume hivyo namjua. Mwenyekiti angesema, wangemcheka. Padri angesema, wangeitikia amina kisha wanong'one. Mimi nikisema ni mchawi anajitetea. Akisema Baba Shija, mwenye ng'ombe waliokufa, kwamba tulidanganywa na mtoto mwenye simu, hata Mama Leokadia atatafuta kitu kingine cha kusema.

Na ile picha uitoe leo, kabla hujalala. Najua wameshaigawana. Itoe hivyo hivyo.

Ukiona huwezi, usiseme chochote. Panda basi, nenda kasome. Sitakuja kukudai, na simu zako nitapokea kama kawaida. Sitakuambia kwamba hunipendi, maana najua unanipenda. Lakini unipende huku wakiona.

Sitakusindikiza. Nitakuaga hapa mlangoni mbele ya watu, nitakufokea kuhusu sweta, usishangae. Halafu nitakwenda shambani kuyarudishia yale matuta, nyasi ikikaa juani itakauka bure. Njia ya kutoka mjini inapita pale, nitaisikia pikipiki ikirudi. Atasimama, ama atapita.

Bibi yako,
Yustina